Tumekwenda Miono Kunusa Tumbaku

Wanachama wenzetu mliohudhuria mkutano wa mwezi wa Rajabu mtakumbuka ile barua tuliyoisoma mwishoni, watu walipokuwa wamekwisha choka na wengine wameanza kutafuta viatu vyao mlangoni. Iliandikwa na mfanyabiashara mmoja wa bara mwenye ghala yake Miono, katika nchi iliyohesabiwa zamani kuwa ya Bagamoyo na ambayo siku hizi imo katika Halmashauri ya Chalinze. Alisema kwamba anatengeneza tumbaku ya kiko yenye manukato, ya kutiwa katika makopo, na kwamba karafuu na makonyo ya kutilia harufu atayanunua kwa njia ya sheria, yaani kwa ZSTC, wala hatuombi sisi tumuuzie hata pishi moja. Alilolitaka kwetu ni jina. Alitaka aandike juu ya kopo jina la Chama chetu pamoja na ule mchoro wetu wa kishada cha karafuu, na chini yake maneno haya: tumbaku safi ya Urambo. Kwa hayo angetulipa ada kila mwaka.

Ada yenyewe si ndogo. Paa la ofisi yetu mnalijua. Masika yaliyopita tulihamisha madaftari mara tatu kutoka pembe moja ya chumba hata nyingine. Kwa hiyo wengi walisema apewe, kwani jina halipungui kwa kuazimwa. Ndipo mama mmoja wa safu ya nyuma, aliyechuma karafuu tangu utoto wake, akauliza: "Na hiyo tumbaku yenyewe ni ya namna gani?" Hapana aliyeweza kumjibu. Ikaamuliwa Katibu aende akatazame. Na kwa kuwa Katibu havuti, afuatane na mzee mmoja wa Kamati ambaye amevuta kiko miaka arubaini, na ambaye hujisifu kwamba aijua tumbaku yo yote hata kopo likiwa bado limefungwa.

Hii ndiyo habari ya safari hiyo. Lakini kwanza tukumbushane kwamba karafuu na tumbaku si wageni wao kwa wao. Wazee wetu walipokuwa wakipakia magunia melini katika karne iliyopita, sehemu kubwa ya karafuu za Unguja na Pemba haikwenda jikoni kwa mtu wala kwa daktari wa meno. Ilikwenda Java ikachomwa moto. Huko, katika mji wa Kudus, husimuliwa kwamba katika miaka ya 1880 alikuwako bwana mmoja jina lake Haji Jamhari aliyekuwa akiumwa na kifua. Alijipaka mafuta ya karafuu akaona nafuu, kisha akafikiri, kwa nini dawa hii nisiipeleke ndani? Akazikatakata karafuu, akazichanganya na tumbaku, akavuta. Sigara hizo zikaitwa kretek kwa ule mlio wa karafuu zinapopasuka motoni, na mpaka leo kiasi cha theluthi moja ya sigara hiyo ni karafuu. Waindonesia walipopanda mikarafuu yao wenyewe kwa wingi, hata katika miaka ya 1980 wakawa hawatuhitaji kama zamani, bei yetu ilianguka, na kila nyumba ya visiwani yajua ilivyoanguka. Basi faida ya moshi tumeionja, na hasara yake pia.

Tulivuka kwa boti mpaka Dar es Salaam, tukapanda basi la Chalinze, tukapita daraja la Wami, na tulipofika Mandera tukaiacha barabara kubwa tukashika njia ya Saadani ipitayo Miono. Mfanyabiashara alitupokea kwa heshima sana. Tulikunywa chai, tukala mihogo ya kuchemsha, ndipo akatufungulia makopo yake.

Twakiri kwamba harufu ilitushinda. Ilikuwa ni vanila mbele, na nyuma yake asali, na nyuma ya asali karafuu, karafuu njema kabisa, mtu angedhani yupo juu ya jamvi siku ya tatu ya kuanika. Mzee wetu alifumba macho, akatia pua ndani ya kopo, akakaa kimya kama mtu anayesikiliza khutba. Kisha akasema, "Hii Urambo. Naiona waziwazi." Mfanyabiashara akafurahi, akatupa makopo mawili ya kuchukua. Na laiti tungalirudi siku ile ile, leo tungekuwa tunawaandikia habari nyingine.

Tulilala kwa shemeji wa mwanachama mmoja. Jirani yake ni mzee wa Kizigua ambaye nyuma ya nyumba yake ana mistari michache ya tumbaku, anailima, anaianika, anaisokota mwenyewe. Na ni mmoja wa wale wachache waliobaki ambao bado wana kiko cha maji cha kifuu cha nazi. Vijana wetu siku hizi wakisikia kiko hufikiri ni kile cha mti cha Kizungu tu. Katika lugha ya wazee kiko chenyewe ni kile chombo cha maji. Kibakuli cha udongo kinachotiwa tumbaku ni bori. Mrija unaotoka kwenye bori kuingia majini ni digali. Na ule wa kuvutia ni shilamu. Hata ule mlio wa maji una jina lake, malio ya kiko.

Baada ya salamu tulimwonyesha kopo. Alinusa mara moja tu akalirudisha. Akasema, "Mwanangu, hapa nimenusa duka. Tumbaku bado sijainusa."

Akataka ungo. Akaimimina tumbaku yote ya kopo moja, akaitandaza nyembamba kama mnavyotandaza karafuu, akaiweka barazani mahali penye upepo lakini pasipo umande, akasema tuonane asubuhi. Mzee wetu alinung'unika kwamba tumbaku ikikauka huharibika. Yule mzee akamjibu kwa upole, "Ndugu yangu, inayoharibika ni ile marashi. Jani lenyewe halina haraka."

Baadaye tulisoma na kuuliza, tukaona kwamba aliyosema ndiyo wasemayo mafundi wa tumbaku za kiko Ulaya na Marekani. Tumbaku ya manukato hutiwa harufu mara mbili. Mara ya kwanza jani hulowekwa au hunyunyiziwa mchuzi wa sukari, urukususu, kakao au asali, nao huingia ndani ya jani. Mara ya pili, mwisho wa kazi, hunyunyiziwa manukato mepesi juu yake, kama vanila, ramu au matunda. Haya ya pili ndiyo yanayomkaribisha mtu anapofungua kopo, na ndiyo ya kwanza kuondoka. Ule mchuzi hukaa zaidi, lakini nao huchoka kwa moto. Likisha ondoka hilo na hili kudhoofika, jani husema lenyewe.

Asubuhi tukakutana. Kweli vanila ilikuwa imekwenda zake. Karafuu ilikuwapo bado, kwa kuwa mafuta yake ni mazito. Mzee akachukua tumbaku kidogo, yaani alichoweza kushika kwa vidole vitatu, akaitia katika bakuli la maji ya uvuguvugu, akaikoroga. Maji yakawa meusi upesi kama kahawa. Akatuonyesha: jani lililokaushwa vyema haliachi rangi upesi namna ile, hii imetiwa rangi na sukari iliyounguzwa. Kisha akaanza kutoa vipande kimoja kimoja na kuvipanga juu ya kitambaa cheupe, na hapo ndipo alipotupa somo.

Alisema kuna tumbaku tatu ambazo kila anayevuta hana budi kuzijua, na tofauti yake ni moto. Ya kwanza ni ya mvuke. Hii huning'inizwa ndani ya bani lililofungwa, na joto hupitishwa katika mabomba ili moshi usiguse jani. Hukauka ikiwa ya manjano, na utamu wake wa asili hubaki ndani yake. Ndiyo hiyo ya Urambo na sehemu nyingine za Tabora, ambako ilishika baada ya ule mpango mkubwa wa karanga wa Waingereza kuvunjika mwaka 1951. Harufu yake ni ya majani makavu juani, na mtu akiivuta kwa pupa huuma ncha ya ulimi.

Ya pili ni ya hewa, iitwayo Burley. Huning'inizwa kivulini kwa wiki kadhaa bila ya moto, na katika kukauka polepole sukari yake karibu yote hutoweka. Jani huwa la hudhurungi, jepesi, lenye matundu madogo kama sifongo. Ulimini haina utamu. Harufu yake ni kama karanga zilizokaangwa au kakao. Lakini ukali wake huupata kooni na kichwani. Kwa kuwa hunywa maji kama kitambaa kikavu, ndiyo inayopendwa na watengenezaji wa manukato duniani, kwani hupokea cho chote wanachoinywesha. Kwa hiyo, alisema, ukikuta tumbaku inayonukia sana, kwanza idhanie kuwa ni hii, ndipo uanze kutafuta nyingine.

Ya tatu ni ya moshi. Moto wa kuni huwashwa chini ya majani yenyewe na moshi huyaingia. Hii hulimwa Songea, ambako wakulima walikuwa na chama chao cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo tangu mwaka 1936. Jani lake ni jeusi na zito, lina mafuta mkononi, na hata ukiipaka marashi ya bibi harusi, ndani yake pana samaki wa kubanika. Hiyo huisikii ulimini wala kooni. Waisikia puani, unapotoa moshi.

Wenzetu wa nchi nyingine wanazo na nyingine tena: Waturuki na Wayunani wana majani madogo yenye uchachu, Kupro wana Latakia inayofukizwa kwa moshi wa kuni, na Louisiana wana Perique inayokandamizwa ndani ya mapipa hata inachachuka na kuwa na ukali wa pilipili. Hizo hatukuzikuta Miono, hatuna haja ya kukaa nazo.

Twataka kuongeza neno moja hapa, kwa kuwa limetufurahisha. Mzee alisema kwamba zamani za babu yake hapana aliyehitaji ungo, kwani tumbaku ya kila nchi ilijulikana kwa umbo lake tangu iko begani kwa mchukuzi. Tuliporudi tukafungua habari za Bwana Richard Burton, Mwingereza aliyepita mrima huu mwaka 1857 na kitabu chake kikatoka mwaka 1860, tukakuta ameandika mambo hayo hayo. Tumbaku ya Usambara, iliyosifiwa sana Unguja, ilikandwa ikawa mikate midogo ya mviringo, upana wake inchi 4 na unene nusu inchi, ikafungwa katika majani ya mgomba. Ya Wayao ilisokotwa kama kamba, ikaitwa kambari. Watu wa Khutu na Usagara waliifinyanga mikate mikubwa ya ratili 3 hivi. Ya Ujiji Waarabu waliiita hamumi, kwa kuifananisha na ile ya Hadhramaut. Na ya Karagwe, walisema, katika kiko cha maji ilikuwa na ladha ya miski. Fikirini: miski, na hapana mtu aliyetia kitu!

Tukarudi kwenye kitambaa cheupe. Vipande vya manjano vilikuwa vichache, navyo vyote vilikuwa juu ya kopo. Vingi vilikuwa vyeusi, na vingi zaidi vilikuwa si jani kabisa bali vikonyo vilivyopondwa. Mzee hakusema neno. Akatwaa bori ndogo ya udongo, mpya, isiyowahi kutiwa tumbaku nyingine, akaijaza, akaweka kaa. Hakutumia maji, kwani maji, alisema, huosha maovu pamoja na mema. Alivuta polepole sana, moshi kidogo kidogo, akimpa na mzee wetu zamu yake.

Katika theluthi ya kwanza wote wawili walisema karafuu. Katika ya pili karafuu ilianza kulegea, ukaja utamu mchungu, nao ni ile sukari iliyounguzwa. Katika ya tatu mzee wetu aliondoa shilamu mdomoni, akaitazama kama mtu aliyetukanwa. Akasema, "Hii ni ya moshi." Yule wa Miono akasema, "Ngoja. Puliza kwa pua." Akapuliza, akakohoa. "Ni ya moshi," akasema tena, "na imeota ukungu."

Na sisi tusiovuta tulikwisha ona. Katika lile bakuli la maji, vipande vilivyolowana na kuachwa wazi vilikuwa vikitoa harufu ya godoro lililonyeshewa. Mzee akatuonyesha utando mweupe kwenye mikunjo ya majani mawili. Ile tumbaku ilikuwa imevunda ghalani kwa kufungwa ikiwa mbichi, kama vile zivundavyo karafuu za mtu mwenye haraka, halafu ikaoshwa, ikatiwa rangi, ikanyweshwa sukari, ikafunikwa kwa karafuu zetu.

Si haki kuilaumu tumbaku ya moshi. Mzee mwenyewe aliisifu, akasema yeye angependa kuivuta ile ya Songea njema siku zote angeipata. Lakini ikiwa ni ya Songea, kwa nini iitwe Urambo?

Tulikwenda kumwuliza mwenyewe. Hakukasirika, na twapenda kuandika kwamba hakutudanganya mara ya pili. Alisema aliinunua kwa bei ya chini kama mabaki, kwamba asilimia kubwa ya watu wanaonunua makopo ya namna hii hawavuti mpaka chini ya bori, na kwamba manukato duniani kote kazi yake ni kufunika. "Bwana Katibu," akasema, "mkinipa jina lenu, hapana atakayenusa zaidi ya jina." Hakuna neno katika safari nzima lililotusumbua kama hilo, kwani lilikuwa kweli. Mzee wetu, kwa miaka arubaini ya kiko chake, alinusa kopo akaona Urambo kwa sababu alikwisha kuisoma Urambo juu ya karatasi.

Jioni ile tulimwomba yule mzee wa Kizigua amjaribu mwenzetu. Akatengeneza bori tatu, ya mvuke, ya hewa na ya moshi, zote akazitia unga kidogo wa karafuu, akamfunga macho kwa kilemba. Alipata moja tu, ile ya moshi, na hiyo ni mwishoni. Ametupa ruhusa tuiandike habari hii, kwa sharti tuseme pia kwamba alikuwa na mafua.

Kuna jambo jingine tulilomweleza mfanyabiashara, ambalo pengine halikumhusu sana yeye kuliko linavyotuhusu sisi. Karafuu haifuniki harufu peke yake. Mafuta yake hutia ganzi, ndiyo maana daktari wa meno huyatumia. Na koo iliyotiwa ganzi hupokea moshi ambao ingeukataa. Kijana anayeanza kuvuta hukingwa na kikohozi chake mwenyewe, na kikohozi hicho ndicho karafuu inachokiondoa. Marekani ilipiga marufuku sigara zenye ladha, za karafuu zikiwamo, kwa sheria ya mwaka 2009, kwa sababu hiyo ya vijana. Indonesia ilishitaki katika Shirika la Biashara Duniani, na mwaka 2012 ikashinda, kwani Wamarekani waliacha sigara zao za mentholi ziuzwe, nazo hutia ubaridi kooni vivyo hivyo. Hukumu hiyo ilikuwa ya haki ya biashara. Haikusema kwamba moshi wa karafuu ni salama. Tumbaku huua mamilioni ya watu kila mwaka, iwe na manukato au bila ya manukato. Sisi hatuwezi kuifuata kila karafuu mpaka mwisho wa safari yake, na anayeinunua kwa halali ni yake. Jina ndilo lililobaki mikononi mwetu.

Kamati ilikutana siku ya nne baada ya kurudi kwetu. Barua imekwisha pelekwa Miono kumwambia yule bwana kwamba hatutampa jina wala mchoro kwa tumbaku ile. Wajumbe wawili walitaka iongezwe kwamba akileta ya mvuke iliyo safi tutafikiri upya. Wengine watatu walisema hata hiyo hapana. Hilo halikukatwa, na limewekwa kuwa shauri la kwanza katika mkutano mkuu ujao, pamoja na shauri la paa, ambalo sasa halina fedha.

Kopo la pili halijafunguliwa. Liko ofisini juu ya kabati la madaftari, pamoja na ungo tulioununua Miono. Mwanachama ye yote anayetaka kujua mwenyewe na aje siku ya kazi kabla ya adhuhuri, alitandaze, arudi kesho yake anuse. Hesabu ya nauli na malazi ya watu wawili imebandikwa mlangoni.